Mama yake Boke alikuwa bado hajaambiwa

Akili yangu imekataa, jamani. Tumemzika Boke juzi, na leo asubuhi nimeingia studio nikamwekea kikombe chake cha chai.

Wengi mmeniuliza inbox kwa nini nimenyamaza, mimi ambaye hupost hata ugali ukiungua. Ngoja niwaambie.

Kwa wasiomjua: Boke alikuwa Mkuria wa Isebania, mtangazaji mwenzangu kwenye redio yetu ndogo hapa Homa Bay. Alikuja hajui Dholuo hata cha kununua nyanya. Boss akampa matangazo ya vifo, eti ndiyo njia ya haraka ya kujifunza. Na kweli alijifunza, kila asubuhi akisoma majina ya marehemu wetu, wajane wao na wakwe zao.

Shift yake ya kwanza aliharibu. Mzee mmoja wa Sindo alikuwa ameacha wajane wawili, na Boke akamtaja mdogo kwanza kwa sababu jina lake lilikuwa rahisi kutamka. Yawa! Hata chai haijapoa, watu wa boma walikuwa wamejaa reception. Kwetu mke wa kwanza, mikayi, hatajwi wa pili hata kama yeye na mzee walikuwa hawasemezani.

Boke hakujificha. Alibeba sukari na majani ya chai akaenda Sindo mwenyewe kuomba msamaha. Mikayi akamwangalia juu mpaka chini. "Wewe mtoto, kwani kwenu hakuna mke mkubwa?"

"Wako, Mama. Na wangenichapa."

Yule mama alicheka katikati ya msiba wake. Boke alirudi kazini na kuku mzima chini ya kwapa.

Tangu hapo akawa nyar Kuria, binti wa Wakuria, na mji wote ulimjua. Alianza kurekodi video fupi za maisha ya mgeni: Boke akipambana na mifupa ya samaki, Boke akisalimia soko lote mpaka anachelewa kazini. Kuna waliomwandikia "rudi kwenu" kwenye comments. Nilikuwa nawaka mimi, yeye anacheka tu.

Lakini jambo moja hakuwa na utani nalo. Tangazo la kifo likifika mezani, alipiga simu kwanza na kuuliza, "Mama yake ameambiwa?" Kama bado, hasomi. Boss apige kelele, hasomi. Alisema hakuna mzazi anayefaa kusikia mtoto wake amekufa akiwa peke yake jikoni anachambua omena.

Wiki jana alienda Magunga kurekodi wakulima. Akirudi, lori liliigonga boda aliyopanda. Alikata roho wakimpeleka hospitali.

Na kuna mtu pale barabarani, kabla hata ya kumtafutia leso ya kumfunika, alimpiga picha. ID ya kazi inaonekana shingoni. Picha ikaingia group, kutoka group ikaingia page kubwa: "Mtangazaji afariki, gusa like kumpa pole." Pole ya like! Bado nina hasira, sitawadanganya.

Niliiona nikiwa kazini, na nikamwaza mama yake papo hapo. Yule mama anauza mitumba soko la Isebania, na alinunua smartphone kwa ajili ya video za Boke tu. Simu haitoki mkononi.

Nikampigia Chacha, kaka yake Boke, anayefanya kazi Migori mjini. Alilia, halafu akasema, "Naenda kwa Mama sasa hivi. Usikubali aambiwe na simu."

Nikaingia kwenye comments kuomba watu: tafadhali toeni hiyo picha, mama yake hajaambiwa. Wachache waliitoa, Mungu awabariki. Mwenye page akaniuliza mimi ni nani.

Basi nikafanya kitu pekee kilichonijia. Nilimpigia mama mwenyewe, ili simu yake iwe bize na mimi mpaka Chacha afike.

"Akoth mwanangu! Leo umenikumbuka?"

Nikasema nimekukumbuka, Mama. Nikauliza soko, nikauliza magoti, nikauliza mvua.

"Na huyu Boke mbona hashiki simu?"

"Alienda Magunga ku-record, Mama."

"Huyo akishika kazi anasahau hata kula. Akiwa mdogo alikuwa anasomea kuku wangu gazeti, mpaka wanatoroka!" Akacheka sana. Na mimi nikacheka naye, machozi yananiingia mdomoni, nimeziba pua asinisikie.

Akasema Desemba twende sisi wawili, atatuchinjia mbuzi. Nikasema sawa, Mama. Akaendelea kuongea, nikaendelea kuitika, mpaka nikamsikia, "Eh, Chacha? Mbona uko huku saa hii?"

Nilichelewa kukata simu. Nilichosikia sitakiandika hapa.

Kwa mazishi niliogopa kumkaribia, lakini yeye ndiye aliyeniita. Nikakaa kando yake kwenye mkeka.

"Ulikuwa unacheka na mimi," akasema, "na ulikuwa unajua."

"Ndiyo, Mama."

Halafu akauliza, "Sasa jioni atanipigia nani?"

Nilimpigia jana. Hatuna mengi ya kusema, tunasikilizana tu tukipumua. Leo nitampigia tena.

Na nyinyi mnaosoma, nawaomba: kabla hujatuma picha ya mtu amelala barabarani, jiulize kama kwao wameshajua.

Boke, rafiki yangu, nimekulilia mpaka sauti imekauka na bado nakulilia. Sijui kama ile saa nilimsaidia mama yako au nilimwibia. Lakini habari zako alizipata kutoka kwa Chacha, ana kwa ana, ameshikwa mikono yote miwili. Lala sasa, dada. Mama ameambiwa.