Mihogo ya Pembeni

Tangu tulipomzika Mama, harufu ya mhogo wa kuchoma hunirudisha shambani kwetu, karibu na Kilambo. Siku moja nikiwa mdogo, Mama na jirani yetu walikuwa wakitwanga makopa, mihogo mikavu ya unga. Ukingoni mwa shamba aliketi mwanamke mgeni na mtoto wake, waliovuka mto Ruvuma kutoka Msumbiji kukimbia kazi za kulazimishwa za Wareno. Alikuwa ameng'oa mihogo michungu, ile tuliyoipanda pembeni kuwazuia nguruwe, na sasa alikuwa akiichoma.

"Mwache," jirani alisema akicheka. "Sumu itamfunza kuiba."

Mama aliweka mchi chini, akaenda. Mtoto alikwisha kuushika mhogo. Mama akauchukua taratibu mkononi mwake, akamweleza yule mwanamke kwa Kimakonde kwamba huo hauliwi mpaka ulowekwe na kukaushwa. Kisha akawaleta wote wawili kwenye mkeka wetu, akawapakulia ugali.

"Mwenzangu, utawaweza wote wanaovuka?" jirani aliuliza.

"Siwawezi. Lakini huyu nimemwona, na wewe umemwona. Mtoto angekufa, tungesema kalishwa sumu na nani?"

 Baadaye kidogo jirani alisogea mkekani, mtoto akapata pa kukaa.