Buibui Aliyemliza Mama

Siku tuliyomzika baba, mama hakutoa chozi hata moja.

Watu wakanong'ona, si unajua matanga. Wengine wakasema ana moyo wa jiwe.

Aliyekuja kumliza ni buibui.

Baba yangu, mzee Rotich, alikuwa mpasua mbao. Mwaka wa 1988 alirudi nyumbani Kitale kutoka msitu wa juu ya Kapsokwony na buibui ndani ya kofia. Bana, buibui wa kujaa kiganja, manyoya mpaka magotini! Alimtoa kwenye shimo la mti walioangusha.

"Baba Cherop, hilo dudu halilali hapa," mama akasema. Cherop ni mimi.

"Si huyu ni jirani tu, Mama Cherop."

Basi jina likawa Jirani.

Baba alimweka kwenye chupa ndefu ya peremende, akasimamisha gome la mti ndani, maana Jirani alizoea kuishi juu, si chini. Asubuhi alimnyunyizia maji kwa vidole, ayanywe kwenye utando. Akiwa na njaa, alimtupia nyenje mmoja. Mama alikuwa anageukia ukutani.

Halafu mti ukamwangukia baba.

Baada ya mazishi nilirudi shule ya bweni, Bungoma, nikiwa na hofu moja tu: mama atamtupa Jirani chooni. Ndicho kitu hai pekee baba alichotuachia.

Hakumtupa. Nilipofunga shule nilimkuta ameketi, chupa mapajani.

Jirani alikuwa chali, mweupe, miguu imetafunwa. Kwenye gome, nyenje watatu wamenona.

"Alikataa kula," mama akasema. "Akajifungia na utando, hataki mtu. Nikajua anamlilia baba yako. Si mimi pia nilikataa chakula, wamama wakanilazimisha? Ati aliyefiwa halali njaa. Sasa nikampasulia huo mlango wa utando, nikamwekea nyenje wengi."

Nikachungulia ndani ya chupa.

"Mama, hakuwa analia. Alikuwa anajivua ngozi. Wakati huo anakuwa laini kama chapati mbichi, hata nyenje anaweza kumla. Baba alisema aachwe mpaka afungue mwenyewe."

"Alisema lini?"

"Si ni hapa hapa mezani, tukila? Hata wewe ulikuwepo."

Mama aliinamia chupa.

"Alikuwa ananiambia mimi," akasema polepole. "Na mimi namwambia aache kutaja dudu watu wakila."

Hapo ndipo alipolia. Alimwita baba kwa jina, Rotich, Rotich, akamwomba aseme tena, safari hii atasikiliza. Mimi niliumia kuliko siku ya kaburi.

Wanawake wa mtaa walikuja mbio.

"Wui! Nani tena amekufa?"

"Ni baba," nikawajibu.

Wewe unayesoma, mwenzako akikuchosha na habari za kitu chake, iwe kuku, redio, hata dudu, msikilize. Ipo siku utazihitaji habari hizo, na wa kukuambia hayupo.