Visu Alivyoviacha Kaka

Kaka yangu alikuwa mnoa visu. Watu walimwita Makali, naye alikuwa mpole hata kuku wa jirani walilala juu ya baiskeli yake, akawangoja waamke ndipo aende kazini. Baiskeli hiyo ndiyo iliyokuwa ofisi yake. Akifika kwenye kona yenye watu, aliisimamisha kwa kiegemeo cha chuma, akapanda, akakanyaga pedali, na jiwe la duara alilolifunga mbele ya usukani likaanza kuzunguka. Alipomaliza alikipitisha kisu taratibu kwenye ukucha wa kidole gumba. Kikiteleza, alirudia. Kikishika, alitabasamu.

Homa ilimchukua katika majira ya mvua. Mungu alimpenda kuliko sisi.

Baada ya mazishi, watu walipokwisha kutawanyika, mama alinionyesha kikapu kilichofungwa nyuma ya baiskeli. Mvua ilikuwa imemkuta kaka njiani, akabeba visu vya watu aje kuvimalizia nyumbani. Vyote alikuwa amekwisha kuvinoa, kila kimoja akakizungushia kitu kisikate kikapu.

"Mwanangu, hizi ni amana," mama alisema. "Kaka yako asisimame mbele ya Mola wake na mali za watu mkononi."

"Nitawajuaje wenyewe, mama?"

"Kwani Mungu alikupa mdomo wa kulilia tu?"

Nikajitanda kanga, nikabeba kikapu. Sikuwa naujua mji. Njia zangu zilikuwa mbili, ya kazini na ya ibada, na zote zilinirudisha nyumbani kabla sijatazama kushoto wala kulia.

Nilianzia kwenye soko la nyama, kwa sababu kisu kirefu kilizungushiwa karatasi yenye mafuta. Mwenye bucha alipokiona kikapu aliacha shoka limesimama kwenye gogo.

"Wewe ni nani yake Makali?"

"Mdogo wake. Tumemzika."

Alijifuta mikono kwenye aproni, muda mrefu, kama mtu anayetafuta neno humo. "Pole, dada yangu. Na sisi tulivyomsema! Tulidhani ametukimbia." Akapokea kisu chake. Kisha mkono ukaingia tena kikapuni, ukatoka na kisu kifupi kilichofungwa kipande cha ngozi.

"Rudisha hicho!" Mshona viatu aliyekaa mkabala alipiga kelele huku sindano iko mdomoni. "Wewe na ngozi wapi na wapi? Ng'ombe wako wamekonda, hata ngozi hawana!"

"Nyamaza wewe. Mtu akinunua viatu vyako asubuhi, jioni anarudi peku."

Nikacheka. Nilikuwa sijacheka tangu msiba, nikajiziba mdomo kwa aibu. Mshona viatu aliniona. "Cheka tu, dada. Kaka yako ndiye aliyekuwa mwamuzi wetu. Sasa tukigombana, nani wa kutuachanisha?" Akachukua kisu chake, akakibusu kwenye mpini. "Umekula? Basi usile pale mbele penye viti vya rangi. Pale wanapikia wapita njia. Zunguka nyuma, kwa mama mwenye sufuria nyeusi. Makali alikula hapo."

Nikazunguka. Nilikula maharage yaliyoiva mpaka yakawa na uji wake mzito, nimekaa juu ya kreti iliyopinduliwa, na yule mama alipojua mimi ni nani aliniongezea upawa mmoja. Miaka yote kaka alirudi nyumbani akisema ameshiba, nami nilidhani anaona huruma tu kula chakula chetu kidogo.

Mkasi mkubwa ulikuwa umefungwa kitambaa cha sare za shule. "Huo wa fundi cherehani," mama wa maharage alisema. "Pita kwa mafundi redio. Ukisikia nyimbo tatu zinagombana, kata kulia."

Zilikuwa zinagombana kweli. Fundi cherehani aliujaribu mkasi kwenye kipande cha nguo, ukapita kama maji. Aliinamisha kichwa, na midomo yake ikawa inaomba. Nami nikaitikia amina. Kisha akachungulia kikapuni, kilikobaki kisu kimoja.

"Mh! Hiki kimenolewa mpaka kimekwisha. Kimebaki kama jani la nyasi. Mwenyewe anakata nini, mawe?"

Mimi nilikuwa nikitazama kilichokifunga. Kilikuwa leso ya kaka, niliyoifua na kuipiga pasi mwenyewe.

"Sijui ni cha nani," fundi alisema. "Ila akitoka kwangu alikuwa anapanda ile njia ya mawe. Huko juu kuna duka la chai."

Lilikuwa chumba chembamba chenye mabenchi mawili na birika kubwa jeusi. Mwanamke wa umri wa kaka alikuwa anamega mkate kwa mikono, vipande vikitoka vimepinda. Aliiona leso kabla hajaniona mimi.

"Anaumwa?" akauliza.

"Tumemzika," nikasema. Akaweka mkate chini, akakaa. Birika likachemka mpaka likafurika, hakuna aliyeinuka.

Baadaye nikamuuliza, "Mkate nao unahitaji kisu kinolewe hivi?"

"Hakijawahi kuwa butu," akasema. "Kila akipita nilimwambia, Makali, kisu chako hakikati. Naye anakijaribu kwenye ukucha, anatikisa kichwa. 'Kweli, hakikati. Nitakaa kidogo.'" Akatabasamu huku machozi yanashuka. "Safari hii akasema ataenda nacho nyumbani. Akirudi nacho ana jambo la kuniambia. Nikamwambia, basi wahi."

Nikaifungua leso, nikamkabidhi kisu. Leso alinirudishia, nikaikunja, nikaiweka tena mkononi mwake. Alikata mkate, kipande kikatoka kimenyooka kama ukurasa, akakiweka mbele yangu na kikombe cha chai.

"Asante, wifi," nikasema.

Nyumbani mama alikuwa mlangoni. Alikitazama kikapu kitupu, akashusha pumzi.

"Vimekwisha?"

"Vimekwisha, mama. Jitayarishe kesho. Kuna mkweo hujamwona, anauza chai."