Ufa Uliomfuata Mwewe

Uchovu wa kubeba zege, ukioga na kulala, unakwisha. Uchovu wa kutazama haukubali maji wala kitanda, na huo ndio aliokuwa nao Mwewe. Jina hilo alipewa na wenzake kazini kwa sababu ya macho yake, likamganda mpaka majirani nao wakalichukua. Mama yake mzazi, alipokuwa hai, alilikataa katakata. Alisema mwanangu hajawahi kuiba kifaranga cha mtu.

Kiwanda chao kinatengeneza vitu vya kuwekwa ndani ya miili ya watu, na chumba cha Mwewe ni cha stenti. Usiogope jina. Ni kibomba cha plastiki chenye matundu kama wavu, huingizwa kwenye mshipa ulioziba ili uachame, damu ipite. Tena plastiki yenyewe si hii ya ndoo na mabeseni. Inakaa mwilini mpaka mshipa upate nguvu zake, kisha inayeyuka taratibu na kuondoka, kama mgeni mwenye adabu anayejua saa ya kuaga. Vibomba vya moyo ni vinene kidogo. Vya chini ya goti ni vyembamba, ukikitia kimoja kwenye kiganja na kukohoa, basi tena, kitafute mwenyewe.

Vile vyembamba vilikuwa vya Mwewe peke yake. Wenzake walikuwa na mashine mpya zenye vioo vikubwa kama runinga. Yeye aling'ang'ania hadubini yake ya zamani, ile ya tundu moja, akasema hawezi kuanza kujifunza sinema uzeeni. Akiingia anavaa joho, kofia, barakoa, glavu. Huruhusiwi kuingia na poda, wala manukato, wala mafua. Anakaa, anabana kibomba kwa kibano, anakilaza chini ya kioo, anaweka jicho la kulia, anatafuta ufa. Nyufa hupenda kukaa kwenye kona, pale uzi wa plastiki unapopinda. Kibomba chenye ufa kikipanuliwa ndani ya mshipa kinaweza kukatika, na kikishakatika huko ndani, humwiti fundi.

Sasa sikiliza utaratibu wa chumba kile, maana humo ndimo lilimojificha jambo lenyewe. Kibomba ambacho Mwewe amekipitisha kinakwenda kwa mtu mwingine akitazame tena, kisha mwingine tena. Lakini alichokikataa kinaingia boksi jekundu, na jioni vyote vya boksi jekundu vinakatwakatwa kwa mkasi. Kilichokataliwa hakina rufaa. Ukutani paliandikwa kwa herufi kubwa: UKIWA NA SHAKA, TUPA. Na hakuna mtu aliyewahi kugombezwa mle ndani kwa kutupa. Kinyume chake, anayetupa sana ndiye mwenye jicho. Wageni wakija, wakubwa wanawaleta mpaka nyuma ya kioo wamwone: yule ndiye Mwewe wetu, kwake kibovu hakipiti.

Kwa miezi sasa boksi lake lilikuwa linajaa kabla ya chai. Kila kibomba alichokilaza alikuta ufa, pale pale kwenye kona, mwembamba kama unywele wa mtoto mchanga. Mwanzoni alitupa kimoja kimoja. Baadaye akawa anatupa fungu zima. Alirudi nyumbani kichwa kinagonga, anakaa jikoni na viatu miguuni, chai inapoa mbele yake. Alikuwa amechoka, tena amechoka kweli, na alikuwa na hasira na vile vibomba kana kwamba vinamfanyia kusudi.

Aliyekonda kwa jambo hili kuliko wote ni injinia, kijana aliyevibuni vile vibomba vyembamba. Alibadilisha joto la kabati la kukaushia. Akapunguza nguvu ya leza. Akawagombeza wanaoleta plastiki ghafi, wakamgombeza nao. Kuna siku alichukua vibomba kadhaa kutoka boksi jekundu akavitazama mwenyewe, akatazama, akatazama, asione kitu. Unafikiri alisema nini? Alisema, "Mama, mimi macho yangu mabovu, huo ufa siuoni." Mwewe akamwambia kwa upole, "Utazoea, baba. Mimi nina miaka mingi hapa." Wote wawili waliamini hivyo.

Na huko hospitalini alikuwa amelazwa kaka yake.

Huyo kaka ni fundi cherehani. Ndiye aliyemlea Mwewe baada ya baba yao kuondoka, na alimlea kwa mguu: cherehani yake ni ya kukanyaga, na ule mguu wa kulia ndio uliokanyaga nguo za nusu ya mtaa. Kisukari kikamwingia. Mshipa wa chini ya goti ukaziba, mguu ukawa baridi, vidole vikaanza kuwa vyeusi. Daktari akasema dawa ipo, ni kuufungua mshipa na kuweka kibomba kile chembamba kinachoyeyuka. Lakini vimekwisha, kiwanda hakijaleta. Tukisubiri sana, mguu utakwenda.

Wakasubiri. Vidole viwili vikakatwa katika kusubiri huko.

"Hivyo vibomba si mnatengeneza nyie?" kaka alimuuliza siku moja, amejiegemeza kwenye mto.

"Tunatengeneza. Vinatoka vibovu, kaka. Natupa tu."

"Tupa. Usiniletee kibovu kwa sababu ni mimi." Kisha akawageukia wagonjwa wa vitanda jirani. "Mnamwona huyu mdogo wangu? Hana masihara. Kibovu kwake hakipiti, hata kiwe cha nduguye."

Mwewe alitabasamu, akaenda kulia chooni.

Asubuhi ya siku yenyewe alipitia hospitalini kabla ya kazi. Muuguzi alikuwa anafungua bandeji, na Mwewe akaona weusi umepanda kwenye unyayo. Kaka alikuwa amelala, au anajifanya amelala. Daktari akamwambia mlangoni, bila kuzunguka, kwamba wiki hii ikipita bila kibomba, watakata chini ya goti. Akatoka pale amelia mpaka jicho la kulia, lile lililochoshwa na kioo, limevimba, linachuruzika.

Mlangoni mwa chumba cha kazi akakutana na injinia, amevaa tai, kitu ambacho hakikuwa kawaida yake.

"Leo naitwa na wakubwa, mama," alisema. "Nimeshindwa. Tunasimamisha kile chembamba. Nitakibuni upya, kinene kidogo."

"Itachukua muda gani?"

"Majaribio upya yote? Mwaka, mwaka na kitu."

Mwaka! Mwewe aliingia, akavaa joho, akakaa. Fungu la mwisho la vibomba vyembamba lilikuwa mezani linamngoja. Akalaza cha kwanza, akainama. Jicho la kulia lilichuruzika, hakuona ila ukungu. Kulifuta haruhusiwi, glavu haigusi uso. Akashusha pumzi, akahamia jicho la kushoto, jicho ambalo katika miaka yote ile hakuwahi kulipa kazi.

Kibomba kilikuwa kizuri. Kona zote safi, zimepinda vizuri kama ukosi wa shati ulioshonwa na kaka.

Akarudi jicho la kulia, akapepesa mpaka ukungu ukakatika. Ufa huo hapo. Akahamisha macho kwenye kona ya pili: ufa ukahamia kona ya pili. Akaenda ya tatu, ukamfuata. Jicho la kushoto: hakuna kitu. La kulia: upo. Akaacha hadubini, akatazama ukuta wa vigae uliokuwa mbele yake, akafumba jicho la kushoto. Mstari kati ya vigae ulikuja umenyooka, ulipofika pale anapotazama ukakatika, ukapinda, ukaendelea. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema. Chake kilikuwa ndani ya mboni.

Alifikiria maboksi mekundu, moja baada ya jingine, na mkasi wa jioni. Vile vyote vilikuwa vizima. Alivikata vyote, na katika vile kimoja kilikuwa cha mguu wa kaka, kilipita hapa, mkononi mwake, akakitazama na kukitupa, akaitwa Mwewe.

Na hakuna aliyeona. Hilo nalo alilifikiria, usimwone malaika. Angeweza kuhamia jicho la kushoto tangu saa ile, avipitishe vyote, aendelee na kiti chake na jina lake mpaka astaafu. Lakini fungu moja zuri baada ya mabovu yote yale wakubwa wangeliita bahati. Injinia angesimamisha vilevile. Kwa nini vimekuwa vizuri leo? Jibu alikuwa nalo mtu mmoja tu, na yeye hakutaka kunyanyuka kwenye kile kiti.

Akanyanyuka. Alitoka na joho lake mpaka korido, jambo ambalo ni kosa, akamkuta injinia karibu na mlango wa wakubwa.

"Usiingie," akamwambia. "Vibomba vyako ni vizima. Ni mimi mbovu."

Injinia hakuelewa. Ikabidi amweleze pale pale wamesimama, habari ya jicho, habari ya vigae, huku watu wanapita na kugeuka kumtazama mwenye joho. Yule kijana alisikiliza, kisha akateleza na ukuta mpaka akakaa sakafuni na tai yake.

"Mama," alisema, "mimi nimebadilisha kabati lile mpaka nikamwota fundi wake."

"Najua, baba."

"Nimewaambia watu wa plastiki ni matapeli."

"Kawaombe radhi. Sema Mwewe amekutuma."

Injinia alicheka kicheko kibaya, cha mtu aliyechoka kupita kicheko. Hakumtukana. Alimshika mkono, wakarudi pamoja, akaita watu wawili wa mashine mpya, wakatazama fungu lile lote mpaka mchana. Viwili vitatu walivitupa kwa haki. Vingine vikapita, vikafungwa, vikapelekwa.

Daktari wa macho alisema kuna utando umejikunja nyuma ya jicho, ndio unaovuta mistari. Angekuja mapema angesaidiwa zaidi. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini Mwewe hakuficha. Hakujua tu, maana nani atalishuku jicho linalosifiwa kila siku? Wakamhamishia kwenye kukunja na kubandika lebo. Kwenye ukuta, chini ya yale maandishi makubwa, injinia akabandika karatasi ndogo: na kilichotupwa kitazamwe tena. Kiti cha hadubini kilikaa kitupu.

Kaka akawekewa kibomba ndani ya wiki ileile. Mguu ukarudiwa na joto. Vidole viwili, hivyo havikurudi.

Mwewe alikwenda wodini mchana, na chupa ya chai, akakuta kaka anahutubia vitanda vya jirani. "Huyo anakuja, mdogo wangu. Alitupa, akatupa, mpaka kikapatikana kizuri. Mngepewa nyie kazi ile mngenipa chochote."

"Kaka, nyamaza kidogo." Akavuta kiti. "Vile nilivyotupa havikuwa vibovu."

"Nini?"

"Jicho langu ndilo bovu. Nilikuwa naona ufa usiokuwepo. Vilikuwa vizima vyote, nikavikata. Ungewekewa siku ile ya kwanza. Vidole vyako ungekuwa navyo."

Mgonjwa wa kitanda cha pili alijifanya anatafuta kitu kwenye kabati. Kaka alitazama mguu wake uliofungwa, akautazama kwa muda mrefu, taya lake likicheza. Mwewe alingoja. Alikuwa tayari kufukuzwa, na kwa jinsi alivyochoka angeona ni nafuu.

"Vyote?" kaka aliuliza.

"Vyote."

"Na mimi nilikuwa nakutangaza hapa kama dawa ya meno." Alijifuta uso kwa shuka, polepole, na alipoliondoa macho yalikuwa mekundu. "Vinaniuma, ujue. Hata sasa havipo, vinaniuma."

"Najua. Nisamehe, kaka."

Hakusema nimekusamehe. Akaanza kuifungua bandeji mwenyewe, mzunguko kwa mzunguko, mpaka mguu ukawa wazi juu ya shuka, na pale palipokuwa na vidole pana mshono.

"Daktari anasema kidonda kinapona," alisema. "Mimi nimelala chali, sioni. Hebu nitazamie."

"Kaka, wee, mimi tena?"

"Kwani nina mdogo mwingine?"

Mwewe akasogeza kiti. Akafunika jicho la kulia kwa kiganja, akainama mpaka pua ikakaribia kugusa mshono, akatazama uzi kwa uzi, kona kwa kona, bila haraka.

"Kinapona," akasema.

"Una hakika?"

Akainama tena, akatazama mara ya pili.