Mihogo ya Mama Furaha mu kiziba changu

Leo nilienda kulipiza kisasi, na ule muntu akanishukuru.

Munisikilize kwanza.

Munajua kiziba changu cha samaki hapa Muheto, kile agronomi, ule muzungu wa mambo ya kilimo, alituchimbisha. Kiangazi hiki chote, jirani yangu Mama Furaha iko analobeka mihogo yake ndani, siku tatu ine mupaka ilainike. Bila kuniuliza! Mayi inanuka, na uchafu wa kijani umelala juu yake kama bulangeti. Samaki zangu ziko zinatosha midomo inje kutafuta pumzi.

Asubuhi nikachukua kitunga, nikaingia mu matope mupaka ku magoti, nikakokota ule uchafu wote. Munafikiri niliutupa kando? Hapana. Niliupeleka mu shamba yake, nikaumwaga juu ya maharagi.

Njo akatokea.

Nilikuwa tayari, matusi imejaa mu kinywa.

"Dada," akasema, mikono ku kifua, "uliona jua inaniulia maharagi, ukaniletea mbolea? Mungu akubariki!"

Kitunga changu kingali kinadondosha uchafu.

"Basi nitaongeza mihogo mu kiziba," akasema. "Uchafu ukuwe mwingi, tusaidiane."

Tusaidiane!

Nyinyi mungefanya nini?

Mimi nilibeba kitunga changu. Nilirudi mu kiziba, nikatosha mihogo yote ile aliweka jana. Ilikuwa ingali migumu kama kuni, hakuna muntu wa kuikula. Nikaipanga vizuri mbele ya mulango yake.

Aje anishukuru kwa hiyo pia.