Nilimwambia ni Chupa ya Juisi

Kosa ni langu. Nalisema mwanzo kabisa, kabla moyo haujanigeuka nikaanza kutafuta wa kugawana naye. Dada yangu yuko kaburini, na uongo uliompeleka huko ulitoka kinywani mwangu. Maneno matatu tu!

Naishi Makote, huku Newala. Nimesoma hadi darasa la saba. Nilikwenda Masasi kumwuguza shangazi, nikamkuta jirani yake anatengeneza stuli kwa chupa za plastiki. Unazijaza mchanga mkavu, unafunga chupa saba pamoja kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, moja katikati na sita kuizunguka. Juu unaweka boksi na sponji, unashonea kitenge. Mtu mzima anakaa wala haitikisiki! Nikarudi nyumbani na ujuzi huo.

Shida ikawa chupa. Kwetu chupa ya maji haitupwi, kila mtu ana yake ya kutunzia maji. Lakini msimu wa kupuliza mikorosho, chupa tupu za dawa zinazagaa chini ya miti. Nene, ngumu, hazibonyei. Kila mwaka tunaambiwa tuzitoboe na kuzifukia. Mimi nikaziokota.

Nikabandua lebo zenye fuvu la kichwa, maana nani atakubali kukalia fuvu? Kila stuli nikawa naweka moja ya dawa pale katikati, isionekane, na sita za maji za kuokoteza nikazizungushia.

Ya kwanza nilimpa dada, Mama Hadija. Alikuwa anakaanga vitumbua kakaa chini, na kiuno kinamsumbua. Alinikuta namalizia kushona.

"Hee, mdogo wangu! Na mimi leo nakalia kiti kama mwenyekiti wa kijiji?"

"Kaa, dada. Ila usianze kutuitisha mikutano."

Akacheka, akaigeuza, akachungulia chini. "Na hii ya katikati, nene hivi, ni chupa ya nini?"

"Ya juisi, dada."

Niliona haya tu, jamani! Sikutaka ajue nimempa takataka za shambani.

Kiangazi kilichofuata bomba likakauka kwa wiki mbili. Siku maji yalipotoka, ndoo zilijaa, madumu yakajaa, dada akaishiwa vyombo. Akaifumua ile stuli, akamwaga mchanga, akajaza chupa zote saba. Sita zikawa za nyumba nzima. Ile nene akaitenga yake, akaiweka kando ya kitanda.

Aliisuuza kidogo tu. Maji ya kusuuzia na kumwaga yatoke wapi huku kwetu? Na harufu? Msimu ule kijiji kizima kinanuka dawa, nguo mpaka nywele. Angeitambuaje?

Asubuhi yake Hadija, binti yake, alinijia mbio. "Mama mdogo, njoo! Mama anatapika, jasho linamtoka kama kamwagiwa maji!"

Nilipoingia chumbani kumfunga khanga tumpeleke hospitalini, niliiona chupa. Imebaki maji nusu. Niliijua hapo hapo!

Daktari akauliza, "Amekula nini? Amekunywa nini?"

"Ugali na kisamvu, tumekula wote," Hadija akajibu. "Maji ya bomba, tumekunywa wote."

Daktari akanigeukia mimi. "Na wewe, mama, kuna jambo unalijua?"

Nikatikisa kichwa.

Ee Mungu wangu! Kichwa hiki hiki nilichonacho! Niliogopa watasema nimemwekea sumu dada yangu. Nikajiambia, ngoja nikamnunulie uji, nikirudi nitasema. Njiani nikayapanga maneno vizuri kabisa. Niliporudi na uji, walikuwa wameshamfunika.

Sijui kama ningesema angepona. Nimejiuliza kila siku, na sitajua kamwe.

Msibani nilifanya jingine. Wanawake wakiwa jikoni, niliichukua ile chupa ndani ya khanga yangu, nikamwaga maji, nikaitoboa, nikaifukia nyuma ya choo changu. Kama tulivyofundishwa! Huku uani wazee wamekalia stuli zangu, mmoja ananisifu mikono.

Hazijapita siku nyingi, Hadija akaja. "Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu."

"Nilitaka kuuliza, hujaiona ile chupa ya mama, ya juisi? Nimeitafuta nyumba nzima. Nataka nimpe mwanangu, awe anabebea maji ya shule. Akumbuke bibi yake."

Nikaangalia chini. Nikaona nikisema sijaiona, ipo siku ataikuta nyingine kama ile chini ya mikorosho, aiokote akidhani nayo ni ya juisi. Nikamwambia. Lebo, stuli, chumbani, daktari, shimo la nyuma ya choo. Sikubakiza hata moja.

Hakulia wala hakunitukana. Aliuliza jambo moja tu: "Ulijua tukiwa bado hospitalini?"

Nikasema ndiyo.

Siku ile ile nilizunguka nyumba zote nilizopeleka stuli, nikazifumua mbele ya wenyewe na kuwaambia ukweli. Wengine wamenifukuza. Wana haki.

Nyie mnaotengeneza vitu hivi majumbani, tumieni chupa za maji na za soda. Ya dawa usiiokote, hata iwe ngumu kama jiwe! Usiibandue lebo ili kiti kipendeze. Na kama umeshakosea, ukaulizwa na daktari, sema hapo hapo, ukiwa umesimama, uone haya baadaye. Usiende kununua uji!

Hadija bado ananiamkia tukikutana bombani. Anasema shikamoo, heshima aliyofunzwa na mama yake. Ila hasubiri marahaba yangu. Ninapofungua kinywa, ameshapita.