Mama Niliyemuua Katika Sura ya Kwanza

Kazi yangu ni kusaga muhogo. Naanza na hilo kwa sababu kuna watu siku hizi wanaoniita mwandishi, na kila nikilisikia neno hilo nageuka kuangalia nani anaitwa. Mashine yangu iko Mususa, jirani na mafundi wa milango ya chuma, na inasaga tangu asubuhi mpaka saa kumi, mafuta ya mazutu yakiwepo. Hadithi naziandika pembeni, kama wengine wanavyofuga sungura.

Naziandika nikiwa nimesimama, kaye, daftari langu la miraba, juu ya mfuniko wa pipa, kalamu ya bic ikining'inia shingoni kwa uzi. Ukiniuliza nani alinifundisha, nitasema ni kelele. Mashine ikiwaka hakuna anayemsikia mwenzake, basi mimi hutamka maneno ya wahusika wangu kwa sauti: nagombana, nabembeleza, nalaani, naomba msamaha. Neno likipita vizuri mdomoni, naliandika. Likikwama, nalitupa, hata liwe limependeza vipi kwenye karatasi. Wateja waliokaa juu ya mifuko yao wanaona midomo yangu ikicheza na kudhani nasali rozari. Mmoja wao, mzee wa kanisa la Kiprotestanti, alimwambia mume wangu kwamba hajawahi kuona Mkatoliki anayesali kwa hasira kiasi kile.

Nina tabia nyingine, ambayo kwa miaka mingi niliiona kuwa ni ufundi. Katika sura ya kwanza namuua mama. Mama aliye hai anamharibia mwandishi kazi. Kijana anataka kuondoka, yeye anamshika koti. Kijana anataka kulipiza kisasi, yeye anamwita padri. Hadithi inabaki imekaa nyumbani. Kwa hiyo wahusika wangu karibu wote ni mayatima, na mama zao nawazika kwa sentensi moja, mbili kama siku hiyo nina huruma. Mume wangu, ambaye ndiye mtani wangu mkuu, aliwahi kuniuliza mama mkwe wake alinikosea nini. Nilimnunia siku mbili.

Mwaka jana nilianza hadithi ya kijana wa kijiji kimoja upande wa Beni. Wauaji wanaingia alfajiri, watu wanatawanyika, yeye anakimbia mpaka anajikuta Manguredjipa akichimba dhahabu pamoja na vijana wengine wasio na pa kurudi. Mambo hayo sikuhitaji kuyatunga; huku kwetu ukisaga muhogo unayasikia kabla ya saa nne. Mama yake nilimmaliza mapema, kama kawaida: "Mama yake alikufa asubuhi ile, na hakuna aliyemzika." Niliitamka mara tatu ndani ya kelele, ikapita bila kukwama. Niliionea fahari. Nilimsomea hata mume wangu.

Kila Jumapili baada ya misa narudi kwenye mashine peke yangu. Imezimwa, na unga ulioganda ukutani unameza mwangwi, kwa hiyo sauti inatoka safi. Hapo namrekodia mdogo wangu sura moja katika simu na kumtumia. Yeye anaishi Beni, na macho yake hayapatani na maandishi yangu. Hadithi hiyo ya Manguredjipa ilipoanza, nilimtumia kwanza sauti fupi kumweleza kwamba hii ni hadithi niliyoitunga mwenyewe, halafu sura yenyewe. Baada ya wiki mbili aliniomba ruhusa awasikilizishe wamama wa shirika lake, wale anaosali nao mtaani. Nilikubali upesi mpaka nikaona haya. Kitu ambacho hakuniambia ni kwamba aliwapa sura tu. Ile sauti fupi aliiacha, kwa sababu mle ndani nilikuwa nimemuuliza habari ya jino lake linalooza, na hakutaka shirika zima lijue.

Basi hadithi ikatembea, simu kwa simu, bila mtu wa kusema ni hadithi. Kufikia sura ya tano, shimo lilikuwa limemwangukia kijana wangu, nami nilimwacha chini ya udongo kutoka Jumapili moja mpaka nyingine ili watu wangoje. Nilikuwa nimeshaamua atafia humo.

Alhamisi ya wiki hiyo alikuja mama mmoja asiye na muhogo. Alikuwa mtu mzima, kikwembe chake kimefungwa vizuri, viatu mkononi, miguu imejaa vumbi. Alisimama mlangoni tangu nikiwa na wateja wengi, asisogee. Nilidhani anamsubiri mtu. Nilipozima mashine nisafishe chujio, aliingia, akanisalimia kwa Kinande, akasema ametoka Beni.

"Ni wewe unasemaka mu telefone habari ya kijana wa Manguredjipa?"

Nilitabasamu. Sitaficha: nilifuta mikono kwa aproni na kujiweka sawa, nikifikiri kumbe sifa zangu zimeshavuka mto. Nilimjibu kwamba ndiyo, mama, ni mimi.

"Nimekuya kukuambia kitu moja," alisema. "Mama yake hapana kufa. Ni mimi."

Nimetunga watu wengi, lakini sikuwahi kufikiri kwamba mmoja wao ataingia mlangoni na vumbi la barabara miguuni. Nilikaa juu ya mfuko wa mteja bila kuomba ruhusa. Nilitaka kucheka, halafu nikamwangalia uso, nikaacha.

Kosa lilikuwa langu, na ni kosa ambalo nadhani lingetokea kwetu tu. Sisi Wanande hatumpi mtoto jina kwa kubahatisha. Jina linafuata nafasi yake ya kuzaliwa. Kijana wangu nilimfanya mtoto wa pili wa kiume, basi nikampa jina la mtoto wa pili wa kiume. Ukiliita jina hilo sokoni Kimemi, wanaume kumi watageuka. Nilidhani jina la watu wengi kiasi hicho si la mtu yeyote. Yeye alisikia jina la mwanawe.

Na mengine yote yalilingana. Alinieleza taratibu, akiwa amesimama, kwamba kijiji chao kilivamiwa alfajiri, yeye akakimbilia upande wa kakao na kijana upande wa barabara. Siku mbili alilala chini ya miti ya kakao. Alipotoka, kijana hakuwepo. Tangu hapo, miaka mitatu, hajapata neno lake, ila mchuuzi mmoja aliyesema alimwona akielekea Manguredjipa. Watoto wake wengine wanataka wakae matanga wamalize, naye amekataa. Halafu siku moja, wakiwa wanasali, simu ya mwenzake mmoja ikamtajia jina, alfajiri, barabara, Manguredjipa. Aliuliza sauti ni ya nani, akaambiwa tu ni ya mwanamke anayesaga muhogo Mususa. Shimo lililomwangukia kijana halikumshtua kama sentensi yangu ile nzuri, maana watu hutolewa mashimoni wakiwa hai.

"Donc, anajua nilikufa," alisema. "Njo maana harudie."

Hakuyasema hayo kwa kulia. Hilo lilinishtua kuliko yote: alikuwa na furaha. Miaka mitatu alikuwa na mawazo mawili tu, kwamba mwanawe amekufa au amemsahau, na mimi nilikuwa nimempa la tatu. Alikuwa amepanda gari katika barabara ile ya kuviziwa, ambayo watu huipita wakiwa wameshaungama, aje kwa mtu anayemjua mwanawe, amwombe ampelekee habari kwamba mama yake yu hai. Mtu huyo nilikuwa mimi, na sikuwa nikimjua mtoto wa mtu.

Nilimwambia ukweli. Nilijikanyaga sana, nikaomba msamaha kabla sijasema kosa, mwishowe nikachukua kaye nikamwonyesha. Alisoma polepole, kidole kikifuata mstari. Aliona mahali nilipomfanya kijana kuwa fundi wa baiskeli, nikafuta, na mahali nilipompa dada, nikafuta. Aliurudia ukurasa ule mara mbili. Wateja wawili nje walianza kunung'unika kuhusu unga wao, nikawaambia warudi kesho.

Aliniuliza kama sijawahi hata kumwona. Nikamjibu kwamba sijawahi, mama, hata siku moja. Alifunga kaye akanirudishia kwa mikono miwili. Nilikuwa tayari kwa laana, na nafikiri ingenipunguzia mzigo. Badala yake alisema kwamba sauti yangu ilimfikia Beni bila mimi kujua njia iliyopita. Kwa hiyo itafika na kwa mwanawe, akiwa mahali popote. Aliomba kitu kimoja: katika sura inayofuata, mama awe hai.

Hapa naona aibu hata kuandika. Nilimjibu kama mwandishi. Nilimweleza kwamba mtu akishakufa katika sura ya kwanza hawezi kuonekana katika ya sita, wasikilizaji watacheka, hadithi itaharibika.

"Iharibike," alisema.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Methali hiyo nimeiandika mara nyingi, hata mahali ambapo haikuhitajika, na sikuwahi kuisikia mpaka siku ile. Nilifungua ukurasa mpya. Kijana nilimfukua kwenye shimo kwa mistari minne, bila ufundi, kwa majembe ya wenzake. Kisha nikafika kwa mama, na bic ikasimama. Sikujua mama anasema nini. Nilijaribu kutamka kama nilivyozoea, lakini mashine ilikuwa kimya na yeye alikuwa ananiangalia, na kila neno nililotoa lilinuka karatasi. Miaka yote hiyo ya kuandika, na sikuwa na sentensi moja ya mama aliye hai.

Nikamuuliza yeye angesema nini. Hakufikiri. Alinyosha mkono akachukua simu yangu, akaileta karibu sana na mdomo, nami nikabonyeza kurekodi.

"Mutoto yangu, ni mama. Mimi hapana kufa. Nilijificha mu kakao siku mbili. Bale balikuambia nilikufa balikosea. Mbuzi yako ilizaa. Rudia. Hapana kuogopa kuya mikono tupu."

Nilisoma sura yangu, nikaibandika sauti yake mwishoni, nikamtumia mdogo wangu. Alinipigia hapo hapo kuuliza nimempata wapi huyo mama anayejua kuigiza namna hiyo. Nilipomweleza akaanza kulia kuhusu ile sauti fupi aliyoiacha. Nilimwambia asilie, atume. Safari hii alituma kwa kila mtu anayemjua.

Mgeni wangu hakurudi Beni. Alikuwa na ndugu mtaa wa Kimemi, akalala huko, na kila asubuhi alikuja kukaa juu ya mifuko karibu na mashine. Simu niliiweka kifuani, ndani ya nguo, niisikie ikitikisika hata katikati ya kelele. Siku hizo sikuandika, na wala sikutamka neno la mtu yeyote. Wateja walidhani nimeacha kusali.

Ilitikisika asubuhi ya Jumatatu. Mdogo wangu alikuwa amenipitishia sauti kutoka kwa namba isiyojulikana. Nilizima mashine kwa haraka mpaka mkanda ukaruka, nikamwita mama. Ndani ya sauti kulikuwa na upepo mkali. Wachimbaji wa kule hupanda kilimani kutafuta rezo, mtandao wa simu. Halafu mwanaume akasema, kwa sauti ya chini:

"Mama, ni wewe? Mimi balinionyesha kaburi."

Kisha alilia, tukasikia kilio na upepo mpaka sauti ikakatika.

Nilishika kichwa kwa mikono miwili. Nilikuwa nacheka, nalia, nataka kukimbia nimwite mume wangu. Mama aliomba nirudie. Nikarudia. Akaomba tena, akiwa amefumba macho. Mara ya tatu alitikisa kichwa.

"Huyu hapana wangu."

Nilimwambia asikilize vizuri, upepo unabadilisha sauti, miaka mitatu ni mingi. Mama anajua. Na polepole nikaona nilichokifanya safari hii. Mahali fulani kulikuwa na kaburi la kweli la mama wa kweli, mwanawe alikuwa ameonyeshwa, pengine alikuwa ameshazoea, nasi tulikuwa tumemfukulia. Kwa mama huyu aliye kando yangu niliua aliye hai. Kwa kijana wa kwenye simu nilifufua aliyekufa. Nilitaka kuzima simu, niitoe betri, niisage pamoja na muhogo. Nilianza kubonyeza nifute sauti ile isiwepo.

Mama alinishika kifundo cha mkono, akaichukua simu. Aliniuliza pa kubonyeza, nikamwonyesha.

"Mutoto yangu," alisema ndani yake, "mimi hapana mama yako. Unisamehe. Mais nimekusikia, na niko hapa. Uniambie, mama yako balimuitaka nani?"